Kwa Asiyeona, Hiari Haitoshi

Wiki moja kabla ya UE nilikaa na mwenzangu wa chumbani, ambaye haoni, tukafungua notisi za somo letu. Faili lilikuwa picha tupu, kurasa za kitabu zilizopigwa kwa simu. Bando likakata katikati. Faili lilipokamilika usiku, simu yake inayosoma kwa sauti haikuwa na cha kusoma. Tukafungua notisi nyingine, zimeandikwa Kiswahili safi. Hizo zikasomwa, ila kwa matamshi ya Kiingereza! Neno "malezi" tulilitambua mara ya tatu. Alicheka yeye kwanza, lakini mtihani ulikuwa uleule kwetu sote.

Ndiyo maana nimevutiwa na Gemini. Wanachuo wenzangu, sisemi ile akili mnemba ya Google. Hii ni itifaki, yaani makubaliano ya jinsi kompyuta mbili zinavyoombana na kupeana kurasa. Ilianzishwa 2019 na mtu anayejiita Solderpunk, na ni nyepesi kwa makusudi. Simu inatuma anwani isiyozidi baiti 1024. Seva inajibu kwa tarakimu mbili, 20 kama ukurasa upo, 51 kama haupo, inatuma ukurasa, basi, mawasiliano yanafungwa. Ukurasa ni maandishi tu: vichwa, orodha, nukuu na viungo.

Waraka wa kanuni zake umerekebishwa zaidi ya mara moja. Lugha imenyooshwa, na waraka umegawanywa sehemu mbili, moja ya mawasiliano na moja ya namna ya kuandika kurasa. Mambo mapya yanakataliwa, na hapo nawaunga mkono. Wavuti tunayoijua nayo ilianza nyepesi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho leo tunakilipia kwa MB.

Shida yangu ni maneno matatu ya waraka huo: lazima, inapaswa, inaweza. Kanuni inasema ni lazima programu isipakue kitu chochote chenyewe kwa sababu tu kiungo kimeonekana ukurasani. Safi, bando letu limelindwa. Lakini kuna alama ndogo, lang=sw, inayoiambia programu kwamba maandishi ni ya Kiswahili ili sauti isome kwa matamshi yake. Hiyo ni hiari. Kuna pia nafasi ya kuandika maelezo mafupi juu ya mchoro uliopangwa kwa herufi, ili asiyeona asisomewe "nukta, mkwaju, nukta" dakika nzima. Hiyo nayo programu inaweza kuijali au kuipuuza. Kwa hiyo mwenye bando dogo kapewa "lazima", na asiyeona kaachiwa "inaweza".

Najua watakaojibu kwamba tukianza kuongeza masharti, wepesi utapotea. Lakini siombi kitu kipya. Alama zipo tayari, na lang=sw ni herufi na alama saba tu. Wala siombi "lazima", maana kurasa nyingi za zamani zingegeuka makosa kwa usiku mmoja. Naomba "inapaswa". Anayetengeneza programu akisoma neno hilo, anajua kwamba akiacha awe na sababu.

Na sisi tunaosomea ualimu tusiwanyooshee wengine vidole. Notisi za darasani tunaziandika na kuzisambaza wenyewe kwenye magrupu. Hapa Magamba, ukungu ukishuka na mtandao ukayumba, notisi za maandishi zinafika wakati picha bado zinazunguka. Basi CR na kila anayetuma notisi afanye mambo matatu: atume maandishi, aseme mwanzoni ni lugha gani, na kila mchoro aueleze kwa sentensi moja.

Hilo halisubiri waraka wa mtu yeyote urekebishwe. Muhula ujao mwenzangu atakuwa na mitihani tena.