Kushuka daraja kwa Geita Gold na Kagera Sugar

Geita Gold na Kagera Sugar ni klabu mbili za mpira wa miguu za magharibi mwa Ziwa Viktoria zilizoshuka kutoka Ligi Kuu Tanzania Bara katika misimu miwili iliyofuatana. Geita Gold ilishuka mwaka 2024 pamoja na Mtibwa Sugar. Kagera Sugar ilifuata mwaka 2025 pamoja na KenGold ya Mbeya.

Anguko la Geita Gold ndilo la kushangaza zaidi. Ilipanda mwaka 2021, ikamaliza msimu wa 2021/22 katika nafasi ya 4 na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mshambuliaji wake George Mpole alikuwa mfungaji bora kwa mabao 17. Kagera Sugar, timu ya kiwanda cha sukari wilayani Misenyi, haikuwahi kutwaa ubingwa, lakini ilidumu Ligi Kuu takriban miongo miwili.

Wilaya za Ngara na Biharamulo zimo mkoani Kagera, ila ziko mbali na uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba. Biharamulo inapakana na Chato, iliyokuwa sehemu yake na sasa imo mkoa wa Geita, hivyo klabu ya jirani ilikuwa karibu kuliko ya mkoa wenyewe. Msimu wa 2025/26 ulipoanza, wapenzi wa soka walibaki na Pamba Jiji ya Mwanza au Mashujaa ya Kigoma. Angalau daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko kwenye safari ya Mwanza.