Fungueni Karakana, Magari Yapate Breki

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Kwenye gari, hata hivyo, utupu una kazi, tena kazi kubwa. Utupu huo kwa Kiswahili sanifu ni ombwe. Gerejini ukisema ombwe utaulizwa kama umetoka Mombasa, maana kule ni vakyumu tu. Mimi nitasema ombwe, kwa kuwa hili ni gazeti la Chama cha Kiswahili na mwalimu mlezi anasoma kila mstari.

Injini ya petroli hupumua kama sisi. Pistoni ikishuka huvuta hewa. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, kilango cha hewa, ambacho mafundi hukiita throto, hujifunga. Pistoni nazo hazijui kwamba mlango umefungwa, zinaendelea kuvuta, na nyuma ya mlango ule hewa inakuwa haba. Hapo ndipo ombwe linapopatikana. Bomba la mpira hulipeleka hadi kwenye busta ya breki, lile dude jeusi la mviringo chini ya boneti, mfano wa sufuria mbili zilizofunikana. Ndani yake mna kiwambo cha mpira. Upande mmoja kuna ombwe. Upande wa pili, ukikanyaga breki, hewa ya kawaida inaingia na kukisukuma. Kwa hivyo anayesimamisha gari si mguu wako peke yake. Ni hewa hii hii tunayovuta bure.

Mnacheka? Waliosoma Fizikia wanakumbuka lile debe tulilochemshia maji kidogo, tukalifunga, tukalimwagia maji baridi, likabonyea kama karatasi bila mtu kuligusa. Mjerumani Otto von Guericke aliwashangaza watu kwa jambo lilo hilo katika karne ya 17. Aliunganisha nusu mbili za tufe la shaba, akanyonya hewa ya ndani, kisha farasi wakafungwa pande zote mbili wavute. Walivuta wee, wakashindwa.

Hebu tupige hesabu. Kiwambo chenye kipenyo cha sentimita 23 kina eneo la kama sentimita mraba 415. Pale Mombasa, injini nzima ikinguruma polepole, geji ya ombwe inaweza kusoma inchi 20 za zebaki, na kiwambo kinasukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 285. Lakini mafundi wana kanuni yao: kila unapopanda futi 1,000, geji inapungua inchi moja. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, yaani zaidi ya futi 3,700, na sisi wa Kosele tuko juu ya ziwa. Injini ile ile ikija huku itasoma inchi 16 au pungufu, na kiwambo kinabaki na kilo 230 au chini yake. Kilo 55 zimepotea njiani na hakuna mwizi wa kukamata. Ndiyo maana nasema mtu wa huku kwetu hana ombwe la kuchezea.

Sasa wanakuja wapenda mwendo. Siku hizi kijana akipata Corolla kuukuu, injini yake haimridhishi. Anataka ingine, ya mtumba kutoka Japani. Chukua mathalani ile Toyota 4A-GE ya vali 20, iliyoanza kutengenezwa mwaka wa 1991. Ina silinda nne, na kila silinda ina kilango chake cha hewa. Injini hiyo hupumua vizuri ajabu, na ukiisikia ikilia utajua kwa nini watu huuza ng'ombe. Kiwandani waliiwekea mpango wake wa kukusanya ombwe. Lakini injini ikihamishwa gari, mabomba hukatwa, vipande hupotea, na fundi anabaki na vijia vinne, kila kimoja kikivuta kwa zamu: puu, kimya, puu, kimya. Ukichomeka bomba la busta kwenye kijia kimoja tu, unapata ombwe la kutetemeka, na silinda ile moja inasumbuka kuliko wenzake.

Dawa yake ni kipande cha alumini chenye matundu. Ombwe la silinda zote nne huingia humo, likachanganyika, likatulia, kisha likatoka kwa njia nyingine kwenda kwa busta na kwa kihisi kinachoiambia kompyuta ya injini ni kiasi gani cha hewa kimeingia. Gerejini huitwa manifoldi ya vakyumu. Mimi napendekeza tukiite kikusanya-ombwe, na mwenye neno bora alilete kwenye mkutano.

Kitu chenyewe ni kidogo, unakitia mfukoni. Na kwa sababu ni kidogo, kinadharauliwa. Kimoja nilichokiona Oyugis kilikuwa viungo vya plastiki vya pampu ya kunyunyizia ng'ombe dawa, vimeungwa kwa vipande vya mpira, vikakazwa kwa waya na kupakwa gundi. Nikamwuliza fundi, "Mzee, hii itashika?" Akanitazama kwa huruma. "Nyathina, gari likinguruma, mwenye gari anaondoka."

Sikumlaumu, na wala simlaumu leo. Lakini hebu tazama kinachofuata. Kila kiungo ni mahali pa kuvujia, na viungo vya namna ile vilikuwa tisa. Gundi inalegea kwa joto la injini. Hewa ya pembeni ikiingia, mchanganyiko wa petroli unakuwa mwepesi kupita kiasi, injini inatetemeka, na ikiendeshwa hivyo kwa nguvu inaweza hata kuunguza pistoni. Hayo ni ya mwenye gari na mfuko wake. Ya breki ni yetu sote tunaotembea kando ya barabara. Ombwe likishuka kutoka inchi 16 hadi 8, zile kilo 230 zinakuwa 115, na dereva hajui mpaka siku atakapozihitaji.

Wenzangu wa bweni wanaotoka Kabondo wanaijua pikapu moja iliyokuwa ikibeba viazi vitamu. Mwenyewe alichoka na bei ya petroli, akabadilisha injini, akaweka ya dizeli. Hapo ndipo penye siri ambayo wengi hawaijui: injini ya dizeli, kwa kawaida, haina kilango cha kufunga hewa, kwa hivyo haina ombwe la kugawa. Magari mengi ya dizeli ya Kijapani hufungiwa pampu ndogo ya ombwe nyuma ya alternata. Ya pikapu ile iliondolewa ili alternata ya zamani irudishwe, pesa ziokolewe. Bomba la busta likabaki limechomekwa mahali, likipendeza kwa macho tu. Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri. Siku ya soko, magunia yakiwa juu na vijana watatu juu ya magunia, dereva alifika mteremkoni akakanyaga breki, akakuta pedali ngumu kama jiwe. Waliishia kwenye ua wa mkonge. Mmoja wa vijana alivunjika mguu mara mbili, juu na chini ya goti, na mwaka huo hakurudi shuleni. Watu walisema ni breki kukatika. La hasha! Breki zilikuwa nzima kabisa, kilichokosekana ni ombwe.

Katika mdahalo wa muhula uliopita mwalimu mmoja ninayemheshimu sana alisema dawa ni moja: anayegeuza injini akamatwe. Kwa heshima zote, mwalimu, hapo sikubaliani nawe. Sheria tunazo. Zile za Michuki za 2004 zilileta mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa kwenye matatu, na zilisaidia, lakini hazikuchungulia hosi ya ombwe. Tena nchi hii ilipata sifa kwa watu walioyagusagusa magari. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, hapo tu juu, alishinda Safari Rally mwaka wa 1965 kwa Volvo ambalo halikuwa jipya, akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Alijua kushika spana kabla ya kuwa bingwa wa usukani. Kugeuza injini si dhambi. Dhambi ni kuigeuza kwa waya na gundi halafu kuwapakia watu.

Wengine watasema kazi ya chuma ya vipimo haiwezekani kwetu. Haiwezekani vipi? Mababu zetu wa kandokando ya ziwa walilima kwa majembe ya wafua chuma wa Samia kabla ya duka la kwanza kufunguliwa. Na mnalikumbuka lile gari la Nyayo? Mwaka wa 1986 Rais Moi aliutaka Chuo Kikuu cha Nairobi kijaribu kuunda gari, na mwaka wa 1990 magari ya majaribio yakaonyeshwa hadharani. Hayakuuzwa kamwe, na watu wameyacheka tangu hapo. Lakini katika mradi huo ndimo ilimozaliwa karakana ya taifa ya mashine za kukata chuma kwa vipimo, Numerical Machining Complex. Shida ni kwamba iko Nairobi, na mwenye Corolla wa Kosele hatapanda basi usiku kucha kwenda kutobolesha kipande cha alumini.

Wala hahitaji. Kazi yenyewe ni hii. Unachukua mche wa alumini mzima, sio ile ya kuyeyusha pistoni kuukuu kwenye shimo la makaa, kwa maana ile hupoa na vitundu ndani kama mkate. Sufuria itapika, ombwe litavuja. Unautoboa kwa urefu tundu moja la milimita 12, bila kutokea upande wa pili. Kwa keekee ya mkono tundu hilo litapinda na kutokea ubavuni. Ndipo linapohitajika kerezo, ambalo mafundi huliita lethi: mche unabanwa, unazungushwa, na ncha inaingia katikati bila kuyumba. Kisha matundu manne madogo kutoka ubavuni, moja kwa kila silinda, na moja kubwa la kwenda kwa busta. Unakata hesi za kufungia vichomeko vya shaba nyeupe, unasugua kingo zote na kuosha chenga, kwani chenga moja ikinyonywa ndani ya silinda umemaliza injini. Bomba la busta liwe na vali ya upande mmoja. Fundi mwenye mazoezi hatumalizi asubuhi nzima.

Na kukipima hakuhitaji maabara. Ziba matundu yote isipokuwa moja, unganisha pampu ya baiskeli, tumbukiza kwenye karai la maji. Povu likitoka, rudia kazi. Kikishafungwa garini, zima injini, kanyaga breki mara tano sita mpaka pedali iwe ngumu, iache imekanyagwa, kisha washa. Pedali lazima ishuke kidogo chini ya mguu wako. Isiposhuka, usiondoke. Jaribio hilo mwambie baba, mjomba, na dereva wa matatu anayekuleta shuleni. Halina gharama hata senti.

Kerezo liko wapi, basi? Lipo. Katika shule moja ya jirani, ambayo jina lake nalihifadhi, limo limefunikwa turubai, na juu ya turubai kuna magunia ya mahindi ya jikoni. Nimeliona kwa macho yangu tulipokwenda kucheza kandanda. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 tuliambiwa utatufundisha kujitegemea kwa mikono yetu. Kwenye KCSE kuna mtihani wa ufundi wa metali na wa umakanika, lakini ni shule chache mno zinazouandaa, kwa kuwa vifaa ni ghali na alama, ati, ni rahisi kupata kwingine. Sasa mtaala wa umilisi nao umeyaweka masomo hayo kwenye orodha ya shule za upili. Karatasi imekubali tena. Mahindi je, yamekubali kuhama?

Ombi langu kwa mwalimu mkuu wetu ni kwamba azungumze na mwenzake wa shule ile. Jumamosi mbili kwa mwezi karakana ifunguliwe, fundi mmoja wa mjini mwenye ujuzi wa kerezo alipwe na wenye magari wanaotaka kazi, na sisi wa Kidato cha Tatu na cha Nne tusimame karibu tukishika vania na kupima. Umeme wa siku hiyo utalipwa na kazi hiyo hiyo. Gereji nyingi zitakuja wenyewe zikisikia, kwa maana hakuna fundi anayependa kufunga waya.

Chama cha Kiswahili nacho kisijifanye wageni. Vijikaratasi vinavyokuja na vipuri vimeandikwa Kijapani au Kiingereza, na fundi hujifunza kwa kusikia, akikosea jina anakosea na kipuri. Nimeanza daftari la maneno ya injini, ukurasa mmoja kwa kila neno: jina la gerejini, jina la kamusi, na kazi ya kitu chenyewe. Mpaka sasa nina maneno 23. Kwa kemshafti na gasketi bado sijapata ya kuniridhisha, na daftari liko kwa katibu wa chama, kabati la pili, yeyote aweza kuandika ndani.