Muuguzi Anayetutunza Ni Binti wa Nani?

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo, katika eneo la mitaa ya Mchikichi na Congo, likiwa na watu ndani yake. Wafanyabiashara, wanunuzi na wabeba mizigo walifukiwa na kifusi, na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha yao. Jiji zima liliwashuhudia waokoaji wakichimba usiku na mchana, wengine kwa mikono mitupu, na waliwasifu kwa haki. Majeruhi walipotolewa walikimbizwa katika hospitali za Muhimbili, Amana na Mnazi Mmoja, na huko, mbali na macho ya umati, ilianza kazi nyingine ambayo haikuwa na watazamaji. Nayo ni kazi ya wauguzi.

Ndugu wasomaji, mwezi huu tumeona ni wajibu wetu kumzungumzia mtu huyu ambaye sote tumepita mikononi mwake, na ambaye aghalabu humsahau mara tu tunapolivuka lango la hospitali. Yeye ndiye aliyetupokea tulipozaliwa, akatuchoma sindano ya chanjo tulipokuwa wachanga, na kwa wengi wetu ndiye atakayetufumba macho siku ya mwisho.

Yafaa tuitazame kazi yenyewe kabla ya kuitolea hukumu. Daktari hupita wodini, humpima mgonjwa, huandika dawa katika faili, kisha huenda kwa mgonjwa mwingine. Muuguzi hubaki. Yeye ndiye anayeitazama dripu isije ikakauka, anayepima joto na presha saa nane za usiku, anayemgeuza mgonjwa aliyepooza ili mgongo wake usiote vidonda, na anayemsafisha mzee aliyejichafua huku akimsemesha kwa upole ili aibu isimzidi. Wenzake humjua muuguzi mwema wakati wa kukabidhiana zamu, kwani anayeipokea wodi kutoka kwake huikuta safi, dawa zimetolewa kwa saa zake, na kila jambo la kuangaliwa limeandikwa. Wagonjwa nao humjua kwa alama ndogo zaidi, kwani huulizana tangu alasiri kama usiku huo yuko zamu, na wakiambiwa yuko, hulala.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, Hospitali ya Amana pale Ilala ilitengwa kwa ajili ya kuwahudumia wagonjwa wake. Ugonjwa ule ulimtenga mtu na jamaa zake, kwani mke hakuweza kukaa kitandani kwa mumewe wala mtoto kumshika mkono mama yake. Mkono uliobaki karibu na mgonjwa ulikuwa wa muuguzi, naye alirudi nyumbani kwa watoto wake akiwa hajui amebeba nini.

Je, sisi tunamlipa nini? Ni jambo la kusikitisha kwamba mara nyingi tunamlipa makelele. Tunafika hospitalini watu kumi kumtazama mgonjwa mmoja, tunasukumana mlangoni kabla ya saa ya kutazama wagonjwa, na tukizuiwa tunatoa maneno ambayo tungeona haya kuyatamka mbele ya imamu wetu. Kisha tunarudi barazani na kusema kuwa manesi ni wakali.

Hatuandiki haya ili kuufunika uovu. Wapo wauguzi wenye ulimi mkali, na wapo wanaodai kitu kabla ya kutoa huduma. Huo ni udhalimu, na dhuluma dhidi ya mgonjwa ni nzito kwa kuwa hana nguvu ya kujitetea. Mwenye malalamiko ayapeleke kwa mkuu wa wauguzi wa hospitali au kwa Baraza la Wauguzi na Wakunga, kwani vyombo hivyo vimewekwa kwa ajili hiyo. Lakini uadilifu unatutaka tuutazame pia mzigo uliopo mabegani mwao. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilieleza kuwa ulimwengu ulikuwa na wauguzi wapatao milioni 28, na kwamba walipungua takriban milioni 5.9, sehemu kubwa ya pengo hilo ikiwa katika nchi za Afrika, Asia ya Kusini na nyinginezo zenye kipato kidogo. Maana yake kwetu ni kwamba muuguzi tunayemwona amenuna huenda ameachiwa wodi ambayo ingestahili wauguzi kadhaa.

Na hapa ndipo lilipo jambo ambalo tahariri hii inataka kulisema waziwazi, hata kama litawachoma baadhi yetu.

Mume humpeleka mkewe kujifungua na huomba ahudumiwe na mwanamke. Ombi hilo ni la haki na la heshima, na wala hatumlaumu. Lakini mume huyo huyo ana binti nyumbani aliyemaliza kidato cha nne, amefaulu baiolojia na kemia, na ameomba aende chuo cha uuguzi. Baba amekataa. Amesema kuna zamu za usiku, kuna wagonjwa wanaume, na kwamba binti atachelewa kuolewa. Basi tumwulize kwa upole: huyo mwanamke anayemtaka amhudumie mkewe saa tisa za usiku, ni binti wa nani? Ni binti wa baba mwingine aliyekubali kile ambacho yeye amekikataa. Tunataka matunda ya mti ambao hatutaki upandwe uani kwetu.

Wako watakaosema kuwa dini ndiyo inayowazuia. Tuwarudishe Madina. Wanahistoria wa sira wametuhifadhia habari za Rufaida, mwanamke wa kabila la Aslam, ambaye alikuwa akiwatibu majeruhi na alijitolea kuwahudumia Waislamu waliokosa wa kuwatunza. Katika vita vya Handaki, mwaka wa 5 Hijria, sawa na mwaka 627, Saad bin Muadh (r.a.) alichomwa mshale katika mshipa wa mkono. Mtume Mtukufu (s.a.w.) aliagiza awekwe katika hema la Rufaida, nalo lilikuwa msikitini, ili awe karibu naye na aweze kumjulia hali. Saad hakuwa mtu mdogo, bali alikuwa kiongozi wa kabila la Aus. Mgonjwa alikuwa mwanamume, mwuguzi alikuwa mwanamke, na mahali palikuwa ni msikiti wa Mtume.

Wala Rufaida hakuwa peke yake. Ummu Atiyya, mwanamke wa Kiansari, alitoka pamoja na Mtume katika safari saba za vita, akiwapikia wapiganaji, akiwafunga majeruhi vidonda na kuwauguza wagonjwa. Rubayyi binti Muawwidh naye alikuwa miongoni mwa wanawake waliowapa maji wapiganaji na kuwarudisha Madina waliojeruhiwa na waliouawa. Ulimwengu unamheshimu Florence Nightingale, Mwingereza aliyekwenda kuwatunza askari huko Scutari, karibu na Istanbul, mwaka 1854, na siku yake ya kuzaliwa, tarehe 12 Mei, ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani. Heshima hiyo anaistahili. Lakini hema la Rufaida lilitangulia kwa zaidi ya miaka 1200, na ni aibu kwa umma uliotangulia kuwa leo unasitasita nyuma.

Tutazame pia mfano wa jirani. Kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, ni nchi ya wafugaji na ya ukame, ambako wasichana wengi wameozwa kabla ya kupata elimu. Huko ndiko alikotoka Anna Qabale Duba, muuguzi aliyepata shule katika kijiji ambacho wasichana wenye elimu walikuwa wa kuhesabika. Baada ya kuwa muuguzi hakukisahau kijiji chake. Alianzisha shule ambayo watoto husoma mchana na watu wazima husoma baada yao, na amesimama dhidi ya ukeketaji na ndoa za utotoni. Tarehe 12 Mei 2022, mjini Dubai, alikabidhiwa tuzo ya kimataifa ya uuguzi ya Aster Guardians, yenye thamani ya dola za Marekani 250,000, akichaguliwa kati ya maelfu ya walioomba kutoka nchi nyingi duniani. Msichana mmoja alisomeshwa, na faida yake ikawafikia wengi.

Hatuzidharau hofu za wazazi. Barabara za usiku zina hatari zake, na binti anahitaji kulindwa. Lakini hofu hizo zina dawa. Kaka anaweza kumsindikiza dada yake hadi kituoni, kama anavyoweza kukaa kijiweni hadi saa sita za usiku. Mume anaweza kulala na watoto usiku mkewe akiwa zamu. Kuhusu stara, wauguzi wengi Waislamu wa jiji hili huonekana kazini wakiwa wamejistiri kwa mtandio mweupe, na kazi yao haijapungua kitu.

Kwa hiyo tunawaomba wasomaji wetu na jamaa za misikiti mambo matatu.

La kwanza, tuwe na adabu wodini. Tufike kwa saa iliyopangwa, tuingie wachache, tutoke tunapoambiwa, na tumsalimu muuguzi kabla ya kumwuliza.

La pili, tujifunze kushukuru kwa njia iliyo safi. Asiyewashukuru watu hajamshukuru Mola wake, hayo ndiyo mafundisho tuliyopewa. Lakini shukrani haiwi noti iliyokunjwa na kutiwa katika mfuko wa sare, kwani leo ni zawadi na kesho inakuwa bei ambayo maskini ataidaiwa. Andika barua fupi kwa mkuu wa wauguzi, mtaje aliyekuhudumia na utaje alichokifanya. Karatasi hiyo itawekwa katika kumbukumbu zake, na wenzake watajua kuwa wema unaonekana.

La tatu, na ndilo kubwa, kila msikiti uwatafute mabinti wake waliofaulu masomo ya sayansi na uwasaidie kufika chuoni. Hapa tunawaelekea hasa wafanyabiashara wa Kariakoo. Mwishoni mwa karne ya 19, Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo, alitoa mali yake ili wagonjwa wa pwani hii wapate hospitali. Hospitali ya Dar es Salaam iliyobeba jina lake iliwahudumia watu kwa zaidi ya nusu karne, mpaka ilipofunguliwa ile ambayo leo ni Muhimbili. Bidhaa alizouza zimekwisha na maduka yake hayajulikani yalipo, lakini jina lake lingali linatajwa kwa sababu ya wagonjwa. Hatuombi leo mtu mmoja ajenge hospitali. Tunaomba maduka kumi ya mtaa mmoja yamlipie ada binti mmoja.

Qurani Tukufu, katika sura ya Al-Maida, imelilinganisha tendo la kuuokoa uhai wa mtu mmoja na kuwaokoa watu wote. Usiku huu, katika wodi za jiji letu, wako wanaolitenda hilo bila ya kutazamwa na mtu. Mwenyezi Mungu awalipe kila la kheri, awalinde wao na watoto wao, na atupe sisi moyo wa kuwatoa mabinti zetu wakasimame pamoja nao. Amin.