Huna Pesa za Mwaka wa Pili? Usijenge Mfumo

Nitalisema mapema ili asiyetaka kulisikia ageuze ukurasa. Yeyote anayeagiza mfumo wa mtandaoni uundwe kwa ajili yake peke yake, awe serikali ya kaunti, chama cha ushirika cha kahawa kule Kangundo, sacco ya matatu ya kwenda Nairobi au shule ya bweni ya Masii, na hana pesa za kuutunza mwaka wa pili, amenunua hafla ya uzinduzi. Atapata picha, keki na hotuba. Mfumo hatapata.

Tunajua jinsi mambo yanavyokwenda hapa Machakos. Kamati inakaa, mtu anasema tutafute kijana atutengenezee sistimu, kijana anaitwa na anaulizwa bei kabla hajaambiwa kazi. Anataja 150,000, anashushwa hadi 80,000, nusu inatumwa kwa M-Pesa jioni hiyo hiyo. Hakuna aliyeandika mfumo utafanya nini, nani ataingiza rekodi za miaka iliyopita, nani atawafundisha makarani, wala seva italipiwa na nani. Watu wanapatana bei kama wako sokoni wananunua mbuzi. Lakini mbuzi angalau unampapasa mgongo ukakisia uzito wake. Mfumo usioandikiwa hata ukurasa mmoja wa mahitaji utaupapasa wapi?

Halafu kuna imani kwamba mfumo ukishalipiwa umekwisha. Chukua programu ya mishahara, kitu ambacho kila shule na kila sacco inakihitaji. Mwajiri aliyeagiza yake mwaka wa 2022 akaamini amemaliza, yalimpata haya. Februari 2023 viwango vipya vya NSSF, mfuko wa pensheni, vilianza, vikapanda tena Februari 2024, na tena Februari 2025. Julai 2023 ikaja tozo ya nyumba ya asilimia 1.5. Januari 2024 Mahakama ya Rufani ikakataa kuruhusu makato hayo yaendelee. Machi mwaka huo huo sheria mpya ikayarudisha. Oktoba 2024 NHIF, bima ya afya ya zamani, ikazikwa, na mrithi wake SHIF akaanza kukata asilimia 2.75 ya mshahara mzima. Katikati ya hayo yote KRA, mamlaka ya kodi, ikaiweka mlangoni eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki: kuanzia Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya mfumo huo haihesabiwi wakati wa kukokotoa kodi ya mapato.

Kila badiliko katika hayo ni kazi ya mtu. Lazima afungue programu, abadilishe hesabu, ajaribu, arekebishe kilichoharibika. Nani anamlipa? Kama bajeti yako haina kifungu chake, jibu ni moja kati ya mawili: ama anakufanyia bure mpaka achoke na aache kupokea simu, ama karani anarudi kukokotoa mishahara kwa kikokotoo huku mfumo wa kisasa ukiwaka bure kwenye kompyuta.

Na hata sheria zikitulia, dola haitulii. Seva nyingi tunazokodi hulipiwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa shilingi 123 hivi. Januari 2024 ilipita 160. Gharama ya seva ilipanda kwa takriban asilimia 30 bila mtu kugusa mstari mmoja wa programu. Baadaye shilingi ilijikaza ikarudi kwenye 130, lakini aliyekuwa hana akiba wakati ule alikuwa ameshazimiwa.

Wenye kazi hii wana kipimo cha kukadiria: tenga kila mwaka asilimia 15 hadi 20 ya gharama ya kujenga kwa matunzo peke yake. Mfumo wa shilingi milioni 1 basi unaweza kudai 200,000 kila mwaka. Ukiuweka miaka mitano, na mwaka wa kwanza ukiwa chini ya dhamana ya aliyeujenga, umelipa milioni 1.8, kabla ya seva, ujumbe wa simu na mafunzo. Hiyo ndiyo bei. Milioni 1 ilikuwa kiingilio tu, na anayekwenda mbele ya wanachama na takwimu hiyo pekee anawadanganya.

Sasa niwageukie viongozi wa kaunti wenye ving'ora. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inazitaka kaunti zitenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo. Ni sheria nzuri, iliwekwa ili mishahara isile kila kitu. Lakini tazama inavyochezwa kwenye teknolojia. Kujenga mfumo kunaitwa maendeleo, kwa hiyo kunapata pesa, bango na gavana wa kukata utepe. Kuutunza kunaitwa matumizi ya kawaida, kwa hiyo kunasukumwa kwenye foleni moja na mishahara, mafuta ya magari na posho za safari, na foleni hiyo kila mtu anajua nani hutolewa kwanza. Matokeo yake ni kwamba kwa afisa wa kaunti ni rahisi zaidi kununua mfumo mpya kuliko kutengeneza ule uliopo. Mwakilishi wadi anayepitisha makadirio bila kuuliza kifungu cha matunzo kiko wapi anapitisha kifo cha mfumo na kuzaliwa kwa zabuni inayofuata, katika saini moja.

Wajanja wamepata njia ya kuuruka mjadala huu wote. Wanakuja na maneno matamu: usitoe hata senti, sisi tutajenga, tutakula asilimia kidogo ya kila shilingi itakayopita. Waafrika tunapenda cha bure! Lakini mfumo usio na bajeti ni mfumo usio na anayeuhoji. Tazameni mfumo wa kidijitali wa afya unaoendesha SHA, mamlaka inayosimamia SHIF. Thamani yake ni shilingi bilioni 104.8, mwenye mkataba ni muungano wa Safaricom, Apeiro na Konvergenz, na malipo yanatokana na makato ya michango yetu na madai ya hospitali. Machi 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, ikafichua kwamba mradi huo haukuwa katika mpango wa ununuzi wala katika bajeti, na kwamba umiliki wa mfumo hauko mikononi mwa serikali. Someni tena. Bilioni 104.8, nje ya bajeti, na nyumba si yetu. eCitizen nayo, tovuti ya huduma za serikali iliyoanza 2014 na kututoza shilingi 50 kwa muamala kwa miaka, imeburuzwa mahakamani na watu wanaogombania nani hasa mwenyewe. Chama cha wakulima kikiambiwa maneno yale yale matamu kitaweza wapi, ikiwa Hazina ya Taifa ilishindwa?

Msidhani utajiri unaponya ugonjwa huu. Marekani ilifungua tovuti yake ya bima ya afya, HealthCare.gov, Oktoba 1, 2013. Siku ya kwanza walifaulu kujisajili watu sita. Gharama zilifumuka zikapita makadirio ya awali mara kadhaa, kwa kuwa mahitaji yaliendelea kubadilishwa hadi dakika za mwisho na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kusema basi. Miaka 11 baadaye, siku ile ile ya Oktoba 1, sisi tulizindua SHA, na wagonjwa wakakaa kwenye mabenchi ya hospitali wakingoja mfumo ufunguke.

Wasanidi wenzetu nao wasijifiche nyuma ya wanasiasa. Kijana aliyetoka Chuo Kikuu cha Machakos na anayetaja 80,000 kwa kazi anayojua ni ya 400,000, ili tu asipokonywe, hamsaidii mteja. Anamtega. Atakata vya kukatwa: nakala za akiba hakuna, majaribio hakuna, maelezo ya maandishi hakuna, na ulinzi wa data ni dua. Sacco inayoweka vitambulisho na namba za simu za wanachama wake iko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na faini yake inaweza kufika shilingi milioni 5. Mbaya zaidi, kijana anasajili kikoa kwa jina lake na kushika nywila zote mwenyewe. Siku mnakosana, anaondoka na chama kizima mfukoni.

Nasikia mtu akisema: hizi ni ndoto za matajiri, sisi wa Kathiani na Mwala pesa hizo tutazitoa wapi? Basi msijenge! Hakuna amri ya Mungu inayosema kila ushirika uwe na mfumo wake. Kodini programu zilizopo ambazo mamia ya vyama vinachangia kuzitunza. Tumieni jedwali la kompyuta lililopangwa vizuri na mtu mwaminifu. Jenga chako pale tu ambapo kazi yako haifanani na ya mwingine, na pale ambapo hasara ya kutokuwa nacho unaweza kuiandika kwa shilingi.

Ukishaamua kujenga, kuna maswali manne ya kujibiwa kwa maandishi na kwa tarakimu. Kwanza, kuandika mahitaji kutagharimu kiasi gani, kama kazi ya kulipiwa peke yake kabla ya ujenzi? Pili, malipo yatatoka kwa hatua zipi zilizokaguliwa, na fungu gani linazuiliwa mpaka mfumo ufanye kazi miezi kadhaa? Tatu, matunzo na seva za miaka mitatu ijayo zinatoka kifungu kipi? Nne, siku tukitaka kuondoka, nani anatukabidhi msimbo, kikoa, nywila na data yetu yote, na kwa bei gani? Swali la nne ndilo wauzaji wanalichukia, kwa hiyo anza nalo.

Mwakilishi wadi, mwenyekiti wa ushirika, mwalimu mkuu: makadirio yakija mbele yako bila majibu haya, yarudishe. Mwanachama wa kawaida, simama kwenye mkutano mkuu uulize mwaka wa pili utalipwa na nani. Wakikujibu kwamba hilo litajadiliwa baadaye, inua mkono upinge, hata ukiwa peke yako.