Wamepona VVU kwa kubadilishiwa uboho: Mbona tiba hii haifiki kliniki yako?

Kila baada ya muda habari hii inarudi WhatsApp: mtu mwingine amepona VVU. Ilikuwa Berlin, ikaja London, New York, Geneva, halafu Berlin tena mwaka 2024. Na swali kwenye makundi ni lile lile: mbona dawa hiyo hailetwi kwetu?

Jibu fupi ni kwamba si dawa. Watu hawa, ambao bado wanahesabika kwa vidole, walikuwa pia na saratani, wengi wao saratani ya damu, na walipandikizwa seli shina za mtu mwingine. Jibu refu linaanzia kwenye namba ambayo wengi wanaohudhuria kliniki ya VVU wanaijua: CD4.

CD4 ni aina ya seli T. Yenyewe kazi yake kubwa si kuua vijidudu bali kutoa amri kwa askari wengine wa kinga. VVU huzivamia hizo hasa. Hadi hapo tunajua. Ila ni wachache tunaojiuliza: CD4 zinatoka wapi?

Zinaanzia kwenye uboho, ule ute laini ulio ndani ya mifupa kama nyonga. Humo kuna seli shina, ambazo bado hazijachagua kazi. Watoto wake wanaweza kuwa chembe nyekundu za damu, chembe sahani au chembe nyeupe. Baadhi yao huondoka uboho, husafiri kwenye damu na kuingia kwenye tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, karibu na moyo. Tezi hiyo huitwa thaimasi, na ile herufi T ni ya jina lake. Madaktari walidhani haina kazi ya maana, hadi mwaka 1961 Jacques Miller alipoonyesha kwamba panya wachanga wakiondolewa tezi hiyo, kinga yao inaporomoka.

Thaimasi ni shule, tena kali. Seli ikifika hupewa ishara inayoifungia njia nyingine zote: sasa wewe ni T. Kisha kila moja hukata na kuunga vipande vya jeni zake, kama mtu anayechanganya karata, ili ipate kipokezi chake cha pekee. Kwa sababu hiyo mwili unaweza kumtambua adui ambaye haujawahi kumwona.

Baadaye unakuja mtihani. Seli isiyoweza kusoma vitambulisho vya mwili huu hufa. Inayoushambulia mwili wenyewe nayo hufa, ingawa baadhi hugeuzwa kuwa walinzi wa amani (utafiti kuhusu walinzi hao ndio uliopata Nobel ya tiba mwaka 2025). Zaidi ya asilimia 90 hufeli. Zinazofaulu hutoka zikiwa CD4, au CD8 ambazo ndizo wauaji.

Sasa turudi Berlin. Mwaka 2007 Timothy Ray Brown, Mmarekani mwenye VVU na saratani ya damu, alipandikizwa seli shina. Daktari wake, Gero Hütter, alimtafuta mchangiaji asiyekuwa na CCR5 inayofanya kazi. CCR5 ni kama mlango wa pili ambao VVU hutumia mara nyingi kuingia kwenye CD4. Seli shina zisipokuwa na mlango huo, kila CD4 itakayozaliwa nazo haitakuwa nao.

Hapo ndipo tofauti na ARV ilipo. ARV huzuia virusi visizaliane, lakini haziving'oi vile vilivyojificha ndani ya CD4 za zamani. Ukiacha dawa, kwa watu wengi virusi hurudi ndani ya wiki chache. Brown alibadilishiwa mzizi wenyewe. Alifariki mwaka 2020, na kilichomuua ni saratani iliyorudi, si VVU.

Kwa hiyo kwa nini tusimfanyie kila mtu hivyo? Kwanza, upandikizaji wenyewe unaweza kuua. Uboho wa zamani lazima uharibiwe kwa dawa kali, wakati mwingine na mionzi. Pili, wasio na mlango wa CCR5 kabisa ni kama asilimia 1 ya watu wenye asili ya Ulaya kaskazini, na kwa Waafrika hawaonekani karibu kabisa.

Tatu, na hili halisemwi sana, ile shule huzeeka. Thaimasi huanza kusinyaa mapema maishani na nafasi yake kujaa mafuta. Mtu mzima aliyepandikizwa anaweza kusubiri mwaka au zaidi kabla seli T mpya hazijatoka za kutosha. Katika muda huo, maambukizi ya kawaida tu yanaweza kuwa hatari.

Mgonjwa wa Geneva ndiye aliyewachanganya wataalamu. Mchangiaji wake alikuwa na CCR5 ya kawaida, mlango wazi kabisa, lakini virusi havikuonekana tena baada ya kuacha ARV mwaka 2021. Maelezo yanayopewa uzito ni kwamba seli za mchangiaji ziliziua seli za zamani, pamoja na zile zilizoficha virusi. Kumbe kufunga mlango si kila kitu. Kusafisha maficho ni kazi kubwa vilevile.

Wengine wamejaribu kuhariri seli zenyewe. Mwaka 2014 watafiti wa Pennsylvania waliripoti kufunga CCR5 kwenye CD4 za wagonjwa 12. Seli hizo zilipungua taratibu, kwani walikata matawi bila kugusa mzizi. Mwaka 2019 watafiti wa China walipandikiza seli shina za mchangiaji zilizohaririwa, lakini ni kama asilimia 5 hadi 8 tu ya seli za uboho zilizokuwa na mabadiliko. VVU havikuondoka.

Halafu kuna bei. Casgevy, tiba ya selimundu inayohariri seli shina za mgonjwa, ilitangazwa Marekani kwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Wanaoishi na VVU duniani ni zaidi ya milioni 40, takribani nusu yao mashariki na kusini mwa Afrika. Piga hesabu mwenyewe.

Mwaka 2019 taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, NIH, na Gates Foundation ziliahidi dola milioni 100 kila moja kutafuta tiba ya jeni ya VVU na selimundu itakayowezekana Afrika: ifanyike ndani ya mwili, bila kuharibu uboho, bila wiki nyingi za kulazwa. Tiba ya namna hiyo kwa VVU haijaidhinishwa bado, na anayekuambia kwenye kundi kwamba ipo, muulize inatolewa hospitali gani.