Bungoma Haijazaa Kupita Kiasi

Sensa ya 2019 iliikuta Kaunti ya Bungoma na watu 1,670,570, yaani 552 katika kila kilomita ya mraba. Igawe ardhi hiyo sawasawa, pamoja na barabara, mito na msitu wa Mlima Elgon, na kila mtu haambulii hata nusu ekari. Baba mwenye ekari mbili na wana wanne anajua anachowarithisha: ploti za kujengea, si mashamba. Haishangazi basi kusikia wazee wakisema tumezaana mno.

Mimi sikubali. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa, kwa wastani, watoto wanane. Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta 3.4. Akina mama wameshafanya sehemu yao. Korea Kusini nayo ilipunguza uzazi, lakini viwanda vyake vilikuwa vikiwapokea vijana wakati huohuo. Kwetu milango ilifungwa. Watoto walioingia darasa la kwanza mwaka 2003, elimu ya msingi ilipofanywa ya bure, walimaliza la nane mwaka 2010. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kiwanda cha karatasi cha Pan Paper pale Webuye, humuhumu Bungoma, kilikuwa kimefungwa. Baadaye kilipata mwekezaji mpya, ila kizazi hicho kilikuwa kimeshapanda bodaboda.

Ardhi ndogo inabana, hilo ni kweli. Lakini Kitale, katika kaunti jirani ya Trans Nzoia, imeshaonyesha kwamba ekari moja yaweza kuongezewa uwezo: kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa huko mwaka 1956, na mahindi chotara yaliyotoka kwenye utafiti wa mji huo miaka ya 1960 yaliongeza mavuno hata kwa wakulima wadogo. Kilichokosekana ni hatua inayofuata. Trans Nzoia hupanda mahindi mara moja kwa mwaka, kibarua huwa kingi wakati wa palizi na mavuno, kisha mikono inakaa. Magunia mengi huondoka na punje zake kwenda kusagwa kwingine, na mishahara ya kusaga, kufungasha na kutengeneza chakula cha mifugo inaondoka nayo.

Kaunti hizi mbili zikikaa kupanga bajeti, swali la kwanza liwe mahindi haya yatasagwa wapi, na nani ataajiriwa kuyasaga.