Kiporo Si Aibu, Jamani

Nawaandikia kutoka Al Wakrah, huku kusini ambako njia nyekundu ya metro inaishia. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, umri miaka 30, na kuna jambo linanikera: tunaona haya kumpa mgeni kiporo.

Ijumaa moja nilioka nyama ya ng'ombe, kipande cha paja, kilo mbili na nusu. Jumamosi jioni wakaja wageni wawili bila taarifa. Jamaa ninayeishi naye akafunga friji haraka, akaagiza biriani ya watu wanne. "Ndugu yangu, utawapa wageni nyama ya jana?" Kesho yake tukala biriani iliyobaki (nayo si kiporo hiyo?), na nyama ikakaa mpaka ikatupwa. Mwisho wa mwezi huyo huyo akaja kunikopa, ada ya mdogo wake kule Mombasa ilikuwa haijatumwa. Nilimpa, lakini iliniuma.

Nani kati yetu hakwenda shule na chai na kiporo cha wali? Tukipanda ndege tu, kinageuka aibu.

Kuoka kwenyewe si kazi. Paka chumvi, kitunguu saumu na pilipili manga tangu usiku, kisha oveni nyuzi 160. Wengi wanakosea kwenye muda. Joto huingia ndani polepole: unene ukiwa mara mbili, muda hukaribia mara nne, kwa hiyo usikisie kwa kilo peke yake. Nunua kipimajoto. Katikati ikifika nyuzi 70 toa, maana sisi damu hatupendi, uiache robo saa kabla ya kukata. Ukiwa na haraka, utamu wote unabaki kwenye ubao.

Yale mafuta na ukoko wa kwenye trei usioshe! Mimina maji ya moto, kwangua, pikia wali. Siku ya pili kata vipande vyembamba, kula na chapati na kachumbari. Siku ya tatu ichambue, kaanga na kitunguu, nyanya na bizari, malizia na tui la kopo. Mgeni hatajua ni ya lini, na akijua, shauri yake.

Ila hapa nitakuwa mkali. Ile desturi ya nyumbani ya kuacha sufuria jikoni na kuichemsha asubuhi na jioni, huku tuiache. Kiangazi joto linapita nyuzi 40. Nyama isikae nje zaidi ya saa mbili, na kama kiyoyozi kimezimwa, saa moja. Kwenye friji siku tatu, nne mwisho, na ukiipasha, ipate moto mpaka katikati. Mwaka wangu wa kwanza nilipuuza, nikakosa maabara siku mbili, nyingine msiniulize.

Jamaa yangu amekubali nusu. Wiki iliyopita alimkaribisha mgeni kiporo, ila akamwambia tumeoka asubuhi. Nikanyamaza. Ijumaa hii tunaoka tena. Anayekuja alete vitunguu.